UZI: Bishop Auckland, timu ya ridhaa iliyowapa Manchester United wachezaji baada ya Munich

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika tarehe 6 Februari huwa naona picha za ajali ya Munich zikizunguka kwenye magrupu. Ndege iliyovunjika, theluji, na majina ya wale wachezaji wanane wa Matt Busby, kocha wa Manchester United. Watu 23 walipoteza maisha mwaka ule wa 1958, na mashabiki wa United wanawakumbuka inavyostahili. Lakini katika miaka yote hiyo sijaona mtu akiitaja Bishop Auckland. Linaniuma, na ndiyo maana leo nimekaa chini niandike.

Niliishi Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, miaka miwili kwa ajili ya masomo. Jumamosi nilizokuwa na nafasi nilipanda basi kwenda Bishop Auckland, mji mdogo kusini magharibi mwa Durham, kuangalia mpira wa watu wasiojulikana. Ni huko nilikoijua hii historia, nikaanza kuisoma, na hadi leo sijaacha.

Tuanze na mji wenyewe. Jina linatokana na askofu, kwa Kiingereza "bishop". Maaskofu wa Durham walikuwa na makao yao pale kwa karne nyingi, na lango la Auckland Castle hadi leo liko mwisho wa uwanja wa soko. Askofu wa Durham zamani hakuwa wa kuongoza ibada tu: alikuwa mtawala wa eneo lake, ana mahakama yake na jeshi lake. Baadaye yakaja makaa ya mawe na reli, na mji ukazungukwa na vijiji vya wachimbaji. Kwa hiyo watu wa pale wamekulia kati ya kasri la askofu na shimo la mgodi, na timu yao ina damu ya pande zote mbili.

Upande wa askofu ndio ulioanza. Vijana waliosomea theolojia Oxford na Cambridge walikuja kukaa Auckland Castle kujiandaa na kazi ya kanisa, wakawa wanacheza mpira. Rangi ya Oxford ni buluu iliyokolea, ya Cambridge ni buluu ya maji, wakaziunganisha kwenye jezi moja. Mwaka 1886 klabu ikasimama yenyewe. Jezi za rangi mbili za buluu zinavaliwa mpaka leo, na mashabiki wenyewe wanaiita timu yao hivyo hivyo, Buluu Mbili.

Mwaka 1889 Northern League ilianzishwa na wao wakawemo tangu msimu wa kwanza. Ligi hiyo bado inachezwa. Kwa ligi za soka zilizo hai duniani, iliyoitangulia ni Football League tu, ya 1888.

Sasa hapa nawaomba mnielewe neno "ridhaa", maana bila hilo uzi huu hauna maana. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na aina mbili za wachezaji, na kila mmoja alikuwa ameandikishwa upande wake. Wa kulipwa alikuwa na mkataba na mshahara. Wa ridhaa alikuwa na kazi yake nyingine, mwalimu, karani, mchimba makaa, mwashi, na hakuruhusiwa kupokea hata shilingi kwa ajili ya kucheza. Wa ridhaa walikuwa na kombe lao la taifa kuanzia msimu wa 1893/94, na lilipendwa kweli kweli. Baada ya vita, fainali yake ikahamia Wembley na uwanja ulijaa watu 100,000. Narudia: watu laki moja, kuangalia timu za watu wasiolipwa.

Kombe hilo lilichezwa mpaka 1974. Bishop Auckland walilichukua mara 10, na hakuna aliyewakaribia: 1896, 1900, 1914, 1921, 1922, 1935, 1939, halafu 1955, 1956 na 1957 mfululizo. Fainali walicheza 18.

Naenda kula, nikirudi naendelea na 1954 na Munich.

Mdau

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi ni Liverpool damu, lakini endelea tu, historia haina mtani.

Mleta uzi

Kwa kuwa wewe ni wa Liverpool, nina zawadi yako kabla sijaendelea. Angalia tena orodha ya juu, mwaka 1939. Bishop Auckland waliwafunga Willington 3-0 kwenye fainali katika muda wa nyongeza, uwanja wa Roker Park kule Sunderland. Kwenye kikosi kile alikuwemo kijana wa miaka 20, mtoto wa mchimba makaa kutoka Hetton-le-Hole, mwenyewe akijifunza uashi. Mwezi uliofuata akasajiliwa na Liverpool. Jina lake Bob Paisley.

Ndiyo, Paisley yule yule. Makombe matatu ya Ulaya kama kocha, 1977, 1978 na 1981, na ubingwa wa ligi mara sita. Medali yake ya kwanza kubwa aliipatia Bishop Auckland, bila kulipwa.

Mdau

Dah. Miaka yote hii naimba jina la Paisley na hilo sikulijua. Asante sana kaka.

Mleta uzi

Tuendelee. 1954.

Wenye umri mkubwa kule Durham ukiwatajia mwaka huo wanaacha wanachofanya. Fainali ya mwaka ule ilikuwa Bishop Auckland dhidi ya Crook Town. Crook ni jirani kabisa, unapanda basi na hujakaa sawa umeshafika. Ni timu za vijiji vya makaa, watu waliosoma pamoja na kuoana, halafu wote wanasafirishwa mpaka London kukutana Wembley mbele ya watu 100,000.

Mapema tu, Jimmy Nimmins wa Bishop akavunjika mguu. Wakati ule hakukuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia. Akitoka mtu, mnabaki kumi mpaka mwisho. Bishop wakacheza kumi kwa karibu mechi nzima pamoja na muda wa nyongeza, ikaisha 2-2. Mechi ikarudiwa St James' Park, Newcastle, watu zaidi ya 56,000, ikaisha 2-2 tena. Ikarudiwa mara ya tatu Ayresome Park, Middlesbrough, na Crook wakashinda 1-0. Ukijumlisha mechi zote tatu, karibu watu 200,000 waliziangalia.

Jumamosi moja nilikaa karibu na mzee mmoja uwanjani, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono yote miwili ameizungushia kikombe cha chai. Nilipomuuliza alianza lini kuja kuiangalia timu hii, hakunitajia mwaka. Alisema, "Baba alinibeba mabegani St James'." Halafu akakaa kimya kidogo, akaongeza: "Nimmins. Mguu." Akagusa goti lake kwa kikombe. Mpira ulikuwa unaendelea mbele yetu, yeye alikuwa bado yuko 1954.

Kufungwa na jirani namna ile kungeweza kuimaliza timu. Walikuwa wamepoteza fainali ya 1950 kwa Willington, 1951 kwa Pegasus, na sasa hii. Badala yake msimu uliofuata wakaja na moto. Kwenye Kombe la FA, lile kubwa la wote, wakaenda London na kuifunga Crystal Palace 4-2 kwao. Wakatoka sare 2-2 na Ipswich Town, waliokuwa daraja la pili, halafu wakawaleta nyumbani Kingsway wakawapiga 3-0. Safari ikaishia raundi ya nne mikononi mwa York City, ambao mwaka ule walifika nusu fainali. Na mwezi Aprili wakarudi Wembley, wakawafunga Hendon 2-0 na kuchukua Kombe la Ridhaa, mabao yote mawili ya Derek Lewin. 1956 wakawafunga Corinthian-Casuals baada ya mechi kurudiwa. 1957 wakawafunga Wycombe Wanderers 3-1. Mara tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyowahi kulifanya.

Lishikeni jina la Lewin. Linarudi sasa hivi.

Tarehe 6 Februari 1958 ndege ikaanguka Munich. Busby yuko hospitali, hali yake mbaya. Kazi yote ikamwangukia msaidizi wake Jimmy Murphy, ambaye hakuwemo kwenye ndege kwa sababu alikuwa na majukumu ya timu ya taifa ya Wales. Siku 13 baadaye United wakatakiwa kucheza na Sheffield Wednesday kwenye Kombe la FA. Kijarida cha mechi kilichapwa kikiwa na nafasi tupu upande wa majina ya United, kwa kuwa hakuna aliyejua nani atacheza.

Historia huwa inaishia kwenye timu ya kwanza hapo: vijana wa akiba wakapandishwa, Ernie Taylor na Stan Crowther wakasajiliwa, United wakashinda 3-0. Watu wanasahau swali dogo lililobaki nyuma. Ukishapandisha vijana wote wa akiba, timu ya akiba nayo ina ratiba yake, na vijana wanaobaki wanahitaji watu wazima wa kucheza nao. Nani anacheza huko?

Bishop Auckland wakawapa watu watatu. Bob Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley.

Hardisty ndiye aliyekuwa jina kubwa kuliko wote kwenye soka la ridhaa. Kiungo, kichwa kimeanza upara, alikuwa kwenye vikosi vya Olimpiki vya Uingereza vya 1948, 1952 na 1956. Na kocha wa kile kikosi cha 1948 kule London alikuwa nani? Matt Busby. Walikuwa wanafahamiana miaka kumi kabla ya Munich. Mwaka 1958 Hardisty alikuwa na miaka 37 na alikuwa ameshatundika daluga. Akazitungua, akaenda Manchester kucheza timu ya akiba katikati ya vijana ambao angeweza kuwazaa.

Lewin alikuwa mzaliwa wa Manchester, kwake ilikuwa kama kuitwa msibani nyumbani. Bradley alikuwa mwalimu, winga wa kulia, mfupi na mwepesi.

Ndugu zangu, pimeni uzito wa jambo lile. Hii ni klabu iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo, na inatoa wachezaji wake kwenda kujaza timu B ya watu wengine. Haiuzi, inatoa. Nimewaona watu wakiandika kwamba wale watatu "waliiokoa United." Siwezi kusema hivyo, walioibeba United ni Murphy na wale vijana. Waliofanya hawa watatu ni kile tunachofanya jirani anapofiwa: unachukua jembe na beleshi, unakwenda, husubiri kuambiwa kazi yako ina ukubwa gani.

Mdau mwingine

Mkuu umeandika vizuri ila nina swali. Hawa wa ridhaa kweli hawakuwa wanalipwa? Maana hata kwetu kwenye ndondo mchezaji anaambiwa njoo tu, halafu kuna bahasha.

Mleta uzi

Swali la haki kabisa, na nisingependa uzi huu upake rangi.

Bahasha zilikuwepo. Kule waliita hela ya viatuni: ukimaliza kuoga, unavaa kiatu chako cha kutokea unakuta noti ndani. Hakuna aliyeiweka, hakuna aliyeiona. Mwaka 1928 kulilipuka kashfa kubwa Durham nzima ya malipo kwa wachezaji wa ridhaa. Crook Town wakaadhibiwa, na zaidi ya wachezaji 300 wa mkoa ule wakafungiwa. Siwezi kuwalaumu. Mchimba makaa akikosa zamu ya Jumamosi amekosa ujira, na uwanjani wamejaa maelfu waliolipa kiingilio. Hela ile inakwenda wapi? Kanuni ya ridhaa ilitungwa na watu waliokuwa na nafasi ya kucheza bila kufikiria chakula cha jioni.

Mwishowe, 1974, chama cha soka cha Uingereza kikaifuta tofauti yote. Hakuna tena wa ridhaa na wa kulipwa, wote ni wachezaji tu. Kombe la Ridhaa likafa hapo hapo, kwa sababu haliwezi kuwepo bila neno lake. Uamuzi ulikuwa wa haki, kwa maoni yangu. Lakini kwa Bishop Auckland ulikuwa kama mtu aliyejenga nyumba kubwa kuliko zote mtaani, kisha mtaa wenyewe ukafutwa kwenye ramani.

Halafu likaja kosa la pili, na hili nalilaumu waziwazi. Mwaka 1979 ikaanzishwa ligi ya taifa kwa timu zilizo chini ya Football League, na polepole ngazi za kupanda na kushuka zikajengwa kuizunguka. Northern League ikakataa kuingia. Ilikuwa na fahari yake, na sababu ilikuwepo: mwaka mmoja tu kabla, Blyth Spartans wakiwa timu ya Northern League walifika raundi ya tano ya Kombe la FA, wakarudiana na Wrexham St James' Park mbele ya watu zaidi ya 42,000. Viongozi wakaona sisi ni wakubwa, tutafuatwa. Hawakufuatwa. Klabu zenye nia ya kupanda zikaanza kuondoka moja moja, na Bishop Auckland wenyewe wakaondoka 1988 kwenda Northern Premier League. Wakaiacha Northern League, ligi waliyoibeba ubingwa mara 19! Mwaka 2006 wakashuka na kurudi kule kule walikoanzia, Northern League.

Mdau

Na West Auckland ni hawa hawa? Nakumbuka kusikia kuna timu ya wachimba makaa iliifunga Juventus.

Mleta uzi

Hapana mkuu, ni kijiji jirani kabisa na mji huu, lakini klabu tofauti. Na hadithi ni ya kweli. Mwaka 1909 yalifanyika mashindano Turin ya kugombea kombe la Sir Thomas Lipton, yule wa majani ya chai. West Auckland wakaenda, wakawafunga Wajerumani wa Stuttgart kwenye nusu fainali na Winterthur wa Uswisi kwenye fainali. 1911 wakarudi kulitetea, wakaifunga Juventus 6-1, wakapewa kombe moja kwa moja.

Lakini safari ziliwaachia madeni. Kombe likawekwa rehani kwa mama mwenye hoteli ya kijijini, kwa pauni 40, na klabu ikaja kulikomboa 1960 kwa pauni 100. Mwaka 1994 likaibiwa na halijaonekana tena. Lililopo ni nakala. Na sanamu ya kuwakumbuka ipo kwenye uwanja wa nyasi katikati ya kijiji. Hilo linastahili uzi wake, tusilimalizie hapa.

Mdau mwingine

Rudi kwa United basi. Walikumbuka fadhila?

Mleta uzi

Walikumbuka. Mwaka 1996 Bishop Auckland walikuwa wamebanwa na deni la kuweza kuwafunga milango. Manchester United wakapanda kaskazini na kucheza nao mechi ya kuchangisha fedha. United walikuwa wametoka kuchukua ubingwa na Kombe la FA kwa msimu mmoja, hawakuwa na shida yoyote na mji ule. Miaka 38 ilikuwa imepita. Ningefurahi kama kila shabiki wa United humu ndani angeijua mechi hiyo sawa na anavyoijua fainali ya Ulaya ya 1999 kule Barcelona.

Uwanja wao wa zamani, Kingsway, ulikuwa wa pande tatu tu. Upande wa nne ulikuwa wazi kwa sababu eneo lilikuwa la pamoja na klabu ya kriketi. Pale ndipo Ipswich walipolala. Waliuacha 2001, wakakaa miaka tisa bila kwao, wakiomba viwanja kwa majirani. Heritage Park, uwanja wa sasa, ulifunguliwa 2010. Na mara tu walipopata paa, Darlington, klabu kubwa kuliko wao iliyokuwa imefilisika, ikaja kuomba hifadhi, wakaipokea hadi 2016. Waliokuwa wageni jana wakawa wenyeji.

Ukienda leo utakuta watu mia chache. Mpira ukitoka nje ya ukuta, mchezaji wa akiba ndiye anayekimbia kuufuata. Unasikia kila neno kipa analowaambia mabeki wake. Mbwa wanaruhusiwa, na yule mzee wangu wa kofia ya sufu alikuwa na wake, analala juu ya viatu vyake dakika zote tisini.

Mdau

Swali la mwisho mkuu. Wale watatu waliishia wapi?

Mleta uzi

Hardisty na Lewin walimaliza msaada wao, hawakubaki. Hardisty alifariki 1986.

Bradley ndiye aliyebaki. Murphy na Busby walimwona akicheza na wakamtaka kweli, akasaini mkataba wa kulipwa Novemba 1958. Aliichezea United mechi 67, akafunga mabao 21. Mwaka 1959 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, mechi tatu, mabao mawili, la kwanza dhidi ya Italia pale Wembley. Msimu huo huo alikuwa ameichezea timu ya taifa ya ridhaa.

Na muda wote huo hakuacha kufundisha. Alikuwa anacheza Old Trafford Jumamosi, Jumatatu asubuhi yuko shuleni. Alipotundika daluga akaendelea na kazi hiyo mpaka akawa mwalimu mkuu. Alifariki 2007. Najaribu kuwaza wale watoto wa 1959 wanaingia darasani, wanamkuta ubaoni mtu aliyetia bao dhidi ya Italia wiki ile, ana chaki mkononi, anawaambia fungueni madaftari.